Umekula Kalamu

Mwalimu wetu wa fasihi hakuamini kwamba kuna kitu duniani kisicho na dhamira. Mvua ikinyesha katikati ya kipindi, mabati yakapiga kelele hata tusisikiane, alisimama dirishani akaitazama kwa hasira ya mhakiki. "Hii mvua," alisema ilipopungua, "ina maudhui mengi, lakini dhamila yake haieleweki." Kisha akageuka kuendelea na ubeti wa tatu, nasi tukayaandika hayo daftarini, maana hatukujua kama ni mzaha au ni maelezo ya mtihani.

Tuliandika kila alichosema. Shule yetu ilikuwa nje kidogo ya Kiminini, mahindi mbele, mahindi nyuma, na yeye alikuwa ametoka Sirisia kuja kufundisha kwa muhula mmoja tu, kama alivyopenda kusema, akakaa mpaka akastaafu. Jina lake nalijua, ila hakuna aliyelitumia. Walimu wengine wote tuliwaita kwa majina yao au kwa majina ya utani. Ukisema Mwalimu peke yake, hata mpishi wa shule alijua ni nani.

Nataka kueleza jinsi alivyokuwa, wala sitajifanya kwamba sikuwa na kinyongo naye. Nilikuwa nacho kwa miaka kumi na minane. Nitakieleza kikifika mahali pake.

Tuanze na mafundisho. Wanafunzi wote wa Kiswahili huchanganya maudhui, dhamira na ujumbe, na walimu wengi pia, ila hawasemi. Yeye alikuwa na dawa yake. "Maudhui ni mahindi yenye iko kwa gunia," alisema. "Dhamila ni kile mkulima alitaka wakati aliamka kulima. Ujumbe ni kile unabaki nacho kwa tumbo ukishakula. Sasa wewe unaniletea gunia tupu, ati huu ni ujumbe. Utashiba?"

"Hapana, Mwalimu."

"Haya. Rudi kwa shairi utafute mahindi."

Sisi sote tulikuwa watoto wa mahindi. Tulikuwa tumeyapanda, tumeyapalilia, tumeyapukuchua mpaka vidole vikachubuka, kwa hiyo mfano huo uliingia na haujatoka. Nautumia mpaka leo darasani kwangu, bila kumtaja.

Fasihi yake haikuishia darasani. Siku moja alimsimamisha bawabu wetu, mzee mmoja wa kutoka Mlima Elgon asiyependa maneno mengi, akamuuliza dhamira yake ya kufunga geti saa moja na nusu ni nini. Bawabu akafikiri. "Dhamira ni mwalimu mkuu alisema," akajibu. Mwalimu alifurahi siku nzima. Alituambia huyu mzee ametofautisha mwandishi na msimulizi, jambo ambalo darasa zima la kidato cha tatu limeshindwa kulifanya.

Kisha kulikuwa na yale mazishi. Jirani wa shule alifariki, na kwetu mazishi bila hotuba kumi na tano hayajakamilika, basi Mwalimu naye akaitwa mbele. Alivua kofia. "Maudhui ya marehemu," alisema, "yalikuwa matatu. Bidii. Ukimya. Na kuku." Waombolezaji wakatazamana. "Kuku wake walikuwa wanaruka ukuta wanakula sukuma wiki ya shule kila asubuhi, na yeye ananyamaza tu. Hapo ndio maudhui ya pili na ya tatu yanakutana." Mjane alijifunika uso kwa leso, na mabega yake yakatikisika, na ilichukua muda watu kujua kwamba anacheka. Wiki iliyofuata alimtumia Mwalimu jogoo.

Jogoo huyo ndiye chanzo cha hadithi aliyotusimulia mara nyingi kuliko zote. Akiwa anampeleka nyumbani kwa baiskeli, jogoo alichomoka kapuni, akakimbilia kanisani ambako ibada ilikuwa ikiendelea, na wakati mhubiri alipouliza kwa sauti kuu ni nani leo yuko tayari kusimama, jogoo akapanda mimbari akawika. Mwalimu alikuwa akifika hapo machozi yanamtoka kwa kicheko, koti linatikisika. Mara ya kwanza tuliposikia hadithi hii, sisi watoto wema tuliofundishwa vyema tukachukua kalamu. "Na ujumbe wake, Mwalimu?"

Alitutazama kama watu waliomtemea chakula. "Hiyo haina ujumbe," alisema. "Hiyo ilitokea tu."

Basi huyo ndiye mtu aliyetaka ujumbe kutoka kwa mvua na kuukataa kwa jogoo. Alikuwa na misemo ya kutosha kujaza daftari. "Jibu bila mfano ni uji bila kikombe." "Usiniambie mshairi ni mtu mzuri, kwani ulilala kwake?" Kwa yule aliyeandika kwamba shairi "linahusu maisha" aliandika pembeni: "Hata ng'ombe ana maisha. Fafanua."

Aliandika hayo kwa kalamu nyekundu moja. Nasema moja kwa sababu ndiyo ile ile niliyomwona nayo kidato cha kwanza mpaka cha nne, imepasuka kiunoni na kuzungushiwa uzi mweusi. Wino ukiisha alibadilisha mrija wa ndani. Hakumwazima mtu. Naibu wa mwalimu mkuu aliwahi kumwomba aitumie kutia sahihi moja tu, akaambiwa kwamba kalamu nyekundu ni kama mswaki.

Chakula nacho alikila kivyake. Kila siku viazi vitamu viwili vilivyofungwa kwa leso, akila amewapa wenzake mgongo, ameelekea dirishani. Sikumbuki hata siku moja alipomkaribisha mtu kwa kipande. Tulisema ana mkono wa birika, na hata walimu walisema hivyo. Liweke hilo moyoni, maana ndilo lililonifanya nile mara mbili Jumamosi moja.

Jambo jingine tulilomsema ni ukimya wake mbele za wageni. Darasani alinguruma. Alisoma shairi mpaka wanafunzi wa darasa jirani wakajua vina vyake. Lakini ikifika siku ya wazazi, ukamwekea kipaza sauti, alikitazama kama kitu chenye umeme mbaya, akampa mwanafunzi karatasi amsomee. Wazazi walisema ni unyenyekevu. Sisi tulisema ni maringo. Hakuna aliyemuuliza.

Sasa nifike kwenye ulimi wake. Watu wa Bungoma tunajulikana. L na R kwetu ni mapacha, na mzazi mwenyewe wakati mwingine huwachanganya. Mwalimu alisema shaili, ukulasa, kurara, mwarimu. Wakati mwingine herufi zilikaa sawa, wakati mwingine zikabadilishana viti, na huwezi kujua leo ni zamu ya nani. Kwa hiyo kila mwanafunzi alikuwa na kamusi ya Mwalimu kichwani. Akisema "msirare," tuliandika msilale. Akisema wananchi walipanga foleni "kupiga kula," tulijua ni uchaguzi. Mimi ndiye niliyekuwa hodari kuliko wote wa kumtafsiri. Nilizaliwa mjini Kitale, nyuma ya soko, na ingawa wazazi wangu ni watu wa Bungoma, nilijihesabu kuwa mtu ambaye ulimi wake umenyooka. Nilikuwa nikiwasahihisha hata shangazi zangu.

Ulikuwa mtihani wa majaribio wa kidato cha nne. Asubuhi hiyo umeme ulipotea, mashine ya kuchapisha ikakataa katakata, na maswali ya ushairi yakawa hayajatoka. Mwalimu hakuhangaika. Alisema atatusomea shairi kwa imla, tuliandike, kisha aandike maswali ubaoni. Ilikuwa karibu saa sita. Harufu ya githeri ilikuwa imeshaanza kuvuka kutoka jikoni. Alikohoa, akashika karatasi iliyoandikwa kwa mkono, akasoma kichwa cha shairi.

"Karamu," alisema.

Tukaandika: KARAMU. Na ubeti wa kwanza ukawa hivi:

Karamu yangu azizi, mezani nakuandaa,
Wakikujia wajuzi, huketi wakashangaa,
Walishe na wapagazi, wasilale nayo njaa,
Ukiisha sina kazi, duniani nazubaa.

Nauliza kila mtu mwenye haki: kamusi ingetusaidia nini hapo? Shaili si neno, kwa hiyo unalirekebisha. Karamu ni neno. Lina meza, lina kuandaa, lina walishe, lina njaa. Tulikuwa wanafunzi thelathini na wanane wenye njaa, na hata sasa nikilisoma naona sufuria.

Maswali yalikuwa ya kawaida: dhamira, maudhui, ujumbe, kila jibu na mfano. Wenzangu waliandika kuhusu ukarimu, wengine kuhusu ulafi wa viongozi. Mmoja aliandika kwamba dhamira ya mshairi ni kula mapema kabla wageni hawajamaliza. Mimi niliandika kurasa mbili na nusu. Nilionyesha kwamba karamu ni taifa, wajuzi ni wenye mashamba makubwa, wapagazi ni vibarua wanaovuna wasichokila, na mstari wa mwisho ni kilio cha mfanyakazi aliyefutwa kiwanda kikifungwa, kama watu wa Webuye tuliowasikia. Nilimaliza nikiwa na joto mwilini. Sijaandika tena jibu zuri kama lile, hata chuoni.

Nilipata sufuri. Chini ya ukurasa wa tatu, kwa ile kalamu yenye uzi: "Umekula kalamu."

Shairi lilikuwa la kalamu. Yeye mwenyewe ndiye aliyelitunga, lakini hilo hakutuambia. Tulipata sufuri thelathini na saba. Aliyepata ishirini kwa ishirini alikuwa mvulana wa kiti cha mbele ambaye tulimwita Sikio, kwa sababu la kushoto halikufanya kazi. Imla ilimshinda siku zote, kwa hiyo alikuwa na mazoea ya kunyoosha shingo na kunakili kutoka kwenye karatasi ya Mwalimu. Darasa zima lenye masikio lilianguka, na asiyesikia akapita.

Nilikwenda ofisi ya walimu na karatasi yangu. Walimu walikuwa wanakunywa chai.

"Mwalimu, wewe ulisema karamu."

"Ndiyo. Nilisema karamu."

"Karamu ni ya kula, Mwalimu."

"Ya kula inatoka wapi? Karamu! Ya kuandika!"

"Hiyo ni kalamu."

"Si ndiyo nasema hivyo? Karamu!"

Chai ilimtoka naibu wa mwalimu mkuu kwa pua. "Bana, hata mimi hapo nasikia chakula," akasema mwalimu wa hesabu, na ofisi nzima ikapasuka. Mimi pia nilicheka. Nilijiona nimeshinda kesi. Mwalimu hakucheka. Aliitazama kalamu yake, akanitazama, na mimi kwa akili zangu za miaka kumi na saba nikasema hiyo ni hasira.

"Alama ikishaandikwa imezaliwa," alisema polepole. "Hairudi kwa tumbo. Karatasi zote zinabaki hapa. Rudi darasani."

Pengine unasema sufuri moja ya majaribio ni nini. Nitakuambia ni nini. Aliyeongoza karatasi ile ndiye angetuwakilisha katika kongamano la fasihi mjini Bungoma, shule zote za upande huo zikiwa pale, na majaji wa kweli. Nilikuwa nimeongoza Kiswahili kwa miaka mitatu. Mama yangu, aliyeuza mboga soko la Kitale, alikuwa amelitangaza jambo hilo kwa safu nzima ya wauza nyanya, na alikuwa amenishonea sketi. Aliyekwenda Bungoma ni Sikio. Jaji alimuuliza dhamira ya mwandishi ni nini, naye akajibu kwa ujasiri, "Kidato cha nne." Nilipoambiwa nilicheka, kisha nikaingia nyuma ya maktaba nikalia. Sketi niliivaa kanisani. Mama aliwaambia wenzake sokoni kwamba hata hivyo Bungoma ni mbali.

Nilisoma ualimu wa Kiswahili, na wakinihoji kwa nini, hutoa majibu mazuri kuhusu utamaduni. Ukweli ni kwamba niliingia kwa hasira. Nilitaka kuwe na mwalimu mmoja kwetu Trans-Nzoia asiyesoma shairi kwa imla. Mpaka leo mashairi yangu yote nayachapisha, hata kama ni kwa fedha zangu, na umeme ukipotea nayaandika ubaoni kwa herufi kubwa. Mwalimu alistaafu akarudi Sirisia. Sikumwandikia wala kumpigia. Nilipata habari zake kwa watu, kwamba ana migomba, kwamba ana wajukuu, kwamba amewahi kuuliza habari yangu, na nikasema msalimieni.

Mwezi wa nane uliopita, shule zimefungwa, simu ikalia.

"Hallo. Ni Mwarimu."

Nilisimama. Nilikuwa nyumbani kwangu, mtu mzima, nina watoto, na nilisimama.

"Njoo Sirisia Jumamosi," alisema. "Nina karamu yako."

"Yangu, Mwalimu?"

"Yako. Imekaa sana. Isije ikaharibika."

Akakata. Chakula huharibika, na wino hukauka. Kumpigia tena nimuulize ni ipi sikuweza. Mara ya mwisho nilipouliza swali hilo nilijua lilikonifikisha. Nilimweleza mume wangu, naye akauliza swali la maana: "Huyo si ndiye yule wa viazi viwili?" Ndiye. Na tukikumbuka vizuri, kidato cha tatu aliwahi kuninyang'anya kalamu ya bluu kwa kuchora maua pembeni mwa shairi. Kesi ikaisha. Mzee anazeeka, anarudisha mali za watu. Sirisia hakuna chakula, kuna kalamu.

Kwa hiyo nilipofika Bungoma Jumamosi hiyo nikaingia hotelini nikala ugali kwa kuku wa kienyeji. Nikaongeza ugali. Nikanywa chai, nikaendelea na safari nikiwa nimeshiba kama mtu wa mjini.

Mkewe alinipokea uani, mikono ina unga. Sikuwahi kumwona kabla ya siku hiyo. "Mulembe, mwanangu," alisema, akanikumbatia kwa viwiko. "Mbona umechelewa? Chakula kinapoa." Kupitia mlango nikaona meza imetandikwa kitambaa cha kufuma, na juu yake ugali mkubwa unafuka moshi, mboga za kienyeji zilizotiwa maziwa, na kuku mzima.

"Mama, ni karamu kweli," nilisema.

"Wewe ulidhani nini?"

Nilimwambia nilichodhani. Alicheka mpaka akashika nguzo, kisha akaacha kucheka ghafla, akanivuta kwa benchi la jikoni, akanisimulia kwa sauti ya chini maana Mwalimu alikuwa chumbani anatafuta miwani. Mjukuu wao alikuja likizo na simu. Akamrekodi babu akisoma lile shairi lake la kalamu, akamchezea sauti hiyo. "Mzee akasema huyo si yeye. Ati ni mtu mwingine ameingia kwa simu. Mtoto akacheza tena. Tena. Akasikiza kama mara kumi. Halafu siku mbili hakuongea, nikajua ameshikwa na ugonjwa. Siku ya tatu akashusha gunia la makaratasi kutoka darini."

"Kwani hakuna aliyewahi kumwambia?"

"Walimwambia vibaya." Alipangusa mikono. "Akiwa kijana walimwita semina huko Nairobi, walimu wa Kiswahili wote. Akasimama kuongea. Wakamwambia sema tena. Akasema tena. Wakamwambia hebu sema mpira wa ligi kuu. Akasema, wakacheka. Yeye hakusikia kosa, alisikia kicheko tu. Tangu hapo hakusema tena mbele ya watu wakubwa. Isipokuwa nyinyi. Alikuwa ananiambia, hao watoto wangu wananielewa, hata moja hajawahi kunicheka."

Niliona haya, nasema wazi. Miaka kumi na minane nilihesabu nilichonyimwa mimi, Bungoma, majaji, sketi ya mama. Sikuwahi kujiuliza nilimnyima nini yeye pale ofisini, mbele ya wakubwa wenzake, nikiwa nimeshika karatasi na kucheka.

Mwalimu akatoka chumbani. Amepungua, koti ni lile lile, limemzidi. Alinipa mkono, akaniita mwalimu mwenzangu, na kabla sijatafuta maneno ya kuomba radhi akafungua faili.

"Nimesahihisha upya," alisema. "Thelathini na nane zote. Huyu wa sikio nimempunguza alama tano. Hakusikia, aliangaria. Hiyo ni wizi."

"Mwalimu, Sikio sasa ni fundi wa redio Webuye. Ana watoto wanne."

"Hata kama. Nitampelekea." Akanipa karatasi yangu. "Wewe chukua."

Ilikuwa imegeuka rangi ya chai. Sufuri ilikuwa imekatwa kwa mistari miwili iliyonyooka, na maneno "Umekula kalamu" yamekatwa pia. Pembeni, kwa mwandiko wa mzee anayetetemeka: "Mhakiki alisikia vizuri. Msomaji ndiye aliyekosea." Na chini yake, kumi na nane kwa ishirini.

Nilitaka kulia, na nilikuwa nimeshaanza, lakini mimi ni mwalimu. "Kumi na nane?" nikasema. "Na mbili zimeenda wapi?"

Macho yake yaling'aa. Alikuwa ameingojea hiyo tangu aliposhusha gunia. Akafungua ukurasa wa pili, akaweka kidole chini ya sentensi ambayo nilikuwa nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe, mimi niliyezaliwa Kitale mjini, mimi mwenye ulimi ulionyooka: Katika karamu hii ya taifa, kila mtu apewe mahari pake mezani. Neno lilikuwa limezungushiwa wino mwekundu.

"Mahari," alisema Mwalimu, "ni ng'ombe."

Niliinama nikalisoma lile neno tena. Ni mwandiko wangu, hakuna wa kusingizia. Kisha mkewe akaanza kucheka huko mlangoni, nami nikafuata, na safari hii Mwalimu alicheka pia, mpaka machozi yakamtoka kama enzi za jogoo. Nilimwambia anisamehe kwa siku ile. Akapunga mkono kama anayefukuza inzi. "Sisi wote ni watu wa huku," alisema. "Hebu keti. Keti hapo," na akasimama kidogo, akatengeneza mdomo, akalipanga neno herufi kwa herufi kama mtu anayevuka mto kwa mawe, "ma-ha-li pako."

"Umesema sawasawa, Mwalimu."

"Najua. Nimejifunza wiki mbili."

Tukaomba, tukanawa. Ugali nilioula Bungoma ulikuwa bado umekaa pale pale, lakini kuna vyakula ambavyo mtu hakatai. Mwalimu alishika kijiko, akapekua bakuli, akatoa imondo, ile firigisi ambayo kwetu huliwa na mwenye nyumba, au hupewa mgeni mwanamume wa heshima, na ambayo mama yangu alikufa bila kuionja. Akaiweka kwenye sahani yangu. Mkewe aliacha kutafuna.

Kisha akatia mkono mfukoni mwa koti. Akatoa kalamu nyekundu yenye uzi mweusi kiunoni, akaifuta kwa leso, ile leso ya viazi, akailaza kando ya sahani.

"Mimi nimemaliza kusahihisha," alisema. "Shika zote." Akasogeza sahani kwangu. "Karamu." Akaisogeza na kalamu. "Na karamu."

Na mimi nikazisikia zote mbili, vizuri kabisa, kila moja na herufi yake.